Rimuva ya rangi na uvimbe wa ini kwa panya: nini kinamhusu fundi wa boti?

KaratasiYaUsalama (Kigoma)

Wakuu, habari za leo. Naandaa tathmini ya hatari kwa karakana ya kukarabati boti upande wa Kibirizi. Kazi ninayoitilia wasiwasi ni kubandua rangi ya zamani ndani ya tumbo la boti ya chuma kabla ya kupiga praima. Wanatumia rimuva ya jeli. Karatasi ya taarifa za usalama inasema ina dikloromethani asilimia 75 hadi 85 na methanoli asilimia 5 hadi 10. Iliyobaki ni nta na kizitishaji.

Kwenye sehemu ya sumu wameandika kwamba panya wadogo waliovuta mvuke wa dikloromethani walipata uvimbe wa ini na mapafu, hamsta (mnyama mdogo jamii ya panya) hawakupata, na kwamba umuhimu wa matokeo hayo kwa binadamu una shaka. Kuhusu methanoli wanasema dozi ya mdomo inayoua nusu ya panya ni zaidi ya gramu 5 kwa kilo ya uzito. Msimamizi ameshasoma hapo na kuhitimisha: saratani ni ya panya, methanoli ni dhaifu, basi barakoa ya kichujio cha mkaa, glavu za naitraili na feni vinatosha.

Naomba wenye ujuzi wa sumu wanisaidie. Hiyo "shaka" ina msingi? Tofauti ya ini la panya na la mtu inapimwaje, au watu huchagua tu mnyama anayewafaa? Na je, vipimo vya ini vya kila miezi sita vitanisaidia kujua kama mafundi wanaathirika?

MkemiaUjiji

Mkuu, umeuliza mahali pazuri sana, maana ndani ya kopo hilo moja kuna kemikali mbili ambazo panya anadanganya kwa pande mbili tofauti. Nianze na dikloromethani.

Ini huishughulikia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kimeng'enya CYP2E1, na zao lake la mwisho ni monoksidi ya kaboni, hewa ileile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Njia ya pili ni kimeng'enya GSTT1, ambacho huunganisha dikloromethani na glutathioni, kemikali ya mwili inayosaidia kuondoa sumu. Hapo hupatikana kiungo kisichotulia kinachoweza kushika DNA, kisha fomaldehidi. Saratani ya panya imehusishwa na njia hii ya pili.

Sasa angalia kasi. CYP2E1 huikamata dikloromethani hata ikiwa kidogo, lakini hujaa upesi. Hewa ikishafika mamia kadhaa ya ppm (sehemu moja katika milioni), kimeng'enya hicho hakiongezi tena kazi, na ziada yote inaelekea GSTT1. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1986, ambao karatasi nyingi za usalama zinautegemea, uliwaweka panya wadogo kwenye 2,000 na 4,000 ppm, saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa miaka 2. Kwa kiwango hicho njia ya kwanza ilikuwa imefurika. Tena panya mdogo ndiye mwenye GSTT1 yenye nguvu kuliko wanyama wengine waliolinganishwa, na ndani ya seli zake za ini kimeng'enya hicho kimejazana kwenye kiini, pale DNA ilipo. Hamsta anacho kidogo sana. Kwa hiyo shaka iliyoandikwa ina msingi wa kweli, haikuokotwa.

Ila haitoshi kumfutia fundi hatari, na nitaeleza kwa nini.

Binadamu si kundi moja. Kuna watu ambao jeni la GSTT1 limefutika kabisa, na wengine wana nakala mbili zinazofanya kazi. Wastani wa binadamu haumwambii msimamizi lolote kuhusu fundi fulani aliyeinama ndani ya boti. Pia chembe nyekundu za damu za binadamu zina GSTT1, wakati za panya hazina. Halafu kuna Osaka: mwaka 2012 kuliibuka kundi la wafanyakazi wa kiwanda cha uchapaji huko Japani waliopata saratani ya mirija ya nyongo katika umri ambao ugonjwa huo ni nadra. Walikuwa wamesafishia mitambo dikloropropani, na baadhi yao dikloromethani pia, kwenye chumba chenye hewa duni. Mwaka 2014 wataalamu wa IARC, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, waliiweka 1,2-dikloropropani kundi la 1, yaani husababisha saratani kwa binadamu, na dikloromethani kundi la 2A, yaani huenda ikasababisha. Karatasi ya usalama inayoishia kwa panya na hamsta imepitwa na wakati. Omba toleo jipya kwa muuzaji.

Lakini hata hilo la saratani kwa fundi wako ni la pili. La kwanza ni kwamba njia ya CYP2E1, ile ya monoksidi ya kaboni, kwa binadamu inafanya kazi vizuri tu. Dikloromethani hujificha kwenye mafuta ya mwili, kisha ini huendelea kuigeuza hata fundi akishatoka nje. Kaboksihemoglobini, yaani hemoglobini ya damu iliyoshikwa na monoksidi, inaweza kuendelea kupanda saa kadhaa baada ya kazi. Mwenye moyo dhaifu anaweza kupata maumivu ya kifua akiwa nyumbani, na hakuna atakayekumbuka rimuva. Usikitegemee kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, kwa sababu hakitofautishi hemoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba monoksidi. Kitasoma 98 na mtu anaumwa.

Na kwenye viwango vikubwa sana kinachoua si monoksidi wala saratani. Ni usingizi: ubongo unalewa, pumzi inasimama. Haihitaji ini kabisa, kwa hiyo hoja ya tofauti za wanyama haiingii hapo.

HesabuKwanza (Kigoma)

Naongezea hesabu ya tumbo la boti, ili usibishane na msimamizi kwa maneno.

Dikloromethani ina uzito wa kilo 1.33 kwa lita, na moli moja ni gramu 85. Mililita 100 ni gramu 133, yaani moli 1.57. Kwenye nyuzi 25 moli moja ya mvuke huchukua lita 24.45, kwa hiyo mililita 100 zikikauka zinatoa lita 38 za mvuke. Tuseme tumbo la boti ni mita za ujazo 20, yaani lita 20,000. Gawanya: 1,900 ppm. Kiwango ambacho Marekani wanakihesabu kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai ni 2,300 ppm. Nusu glasi tu ya dikloromethani na umeshakaribia.

Feni sasa. Fundi akitumia lita 1 ya dikloromethani kwa saa na yote ikakauka, ni lita 383 za mvuke kila saa. Feni inayobadilisha mita za ujazo 1,000 kwa saa, hata tukichukulia hewa inachanganyika vizuri kabisa (na kwenye tumbo la boti haichanganyiki), inakuacha kwenye 380 ppm. Kikomo cha Marekani cha wastani wa saa 8 ni 25 ppm tangu 1997, na kanuni ya 2024 ya wakala wao wa mazingira iliweka 2 ppm kwa kazi chache zilizobaki kuruhusiwa. Ili ufike 25 ppm unahitaji mita za ujazo zaidi ya 15,000 kwa saa. Hiyo si feni ya karakana.

Mvuke huo ni mzito karibu mara 3 ya hewa, unatuama chini kwenye mbavu za boti, mahali hasa ambapo fundi anapiga magoti. Anayelazimika kuutoa mvuke nje kwa feni aweke mdomo wa bomba la kunyonyea chini kabisa, siyo juu ya mlango. Wala kutosikia harufu kusikufariji: pua ya kawaida inaanza kuisikia kwenye mamia ya ppm, ikiwa umeshapita kikomo mara kumi, na baada ya muda inazoea.

Barakoa ya kichujio cha mkaa haifai kwa kemikali hii. Inachemka kwenye nyuzi 40 tu, haishikiki vizuri, na mkaa unaiachia upesi. Kinachokubalika ni hewa safi inayoletwa kwa bomba kutoka nje, na kwenye nafasi finyu awepo mtu mlangoni. Glavu za naitraili hupenywa ndani ya dakika chache.

Mnyamwezi_Tox (Tabora)

Habari za Kigoma. MkemiaUjiji amegusa kopo lina kemikali mbili, na hakuna aliyemalizia methanoli, nami naona ndiyo inayopuuzwa kuliko zote.

Gramu 5 kwa kilo kwa panya ni kweli. Kwa binadamu kifo kinatajwa kuanzia karibu gramu 0.3 hadi 1 kwa kilo, na upofu umetokea kwa mililita 10 tu zilizonywewa. Ni kwa sababu ya ini. Methanoli hugeuzwa kuwa fomaldehidi, halafu kuwa fomati, zao la asidi ambalo ndilo sumu yenyewe. Kwa mtu na nyani hatua ya kwanza hufanywa zaidi na kimeng'enya kilekile cha pombe. Kwa panya kimeng'enya kingine, katalasi, hushika sehemu kubwa. Ila tofauti kubwa iko mbele: fomati huondolewa kwa msaada wa folati (aina ya vitamini) ya ini, na ini la panya lina uwezo mkubwa zaidi wa kazi hiyo. Ini la nyani na la binadamu hushindwa, fomati inarundikana, damu inakuwa chachu, na neva ya jicho inaharibika. Uthibitisho wake ni safi kabisa: panya wakivurugiwa folati, mfano kwa kuvutishwa oksidi ya naitrasi, nao hupata fomati nyingi na macho yao huathirika kama ya binadamu.

Kwa hiyo kwenye kopo hilo panya anazidisha hatari moja na kuificha nyingine. Anayemkataa panya kwenye dikloromethani hawezi kumkubali kwenye methanoli mstari unaofuata. Ama uulize kimeng'enya gani kinafanya kazi gani kwa kila mnyama, ama uache kulinganisha.

Kwa vitendo: methanoli hupita kwenye ngozi na kwenye mapafu. Dalili za macho na kuhema haraka huja baada ya saa 12 hadi 24, na zaidi ya hapo mtu akiwa amekunywa pombe, kwa sababu pombe inakishika kimeng'enya kwanza. Mtu akipelekwa hospitali akiwa na macho yenye ukungu, abebe karatasi ya kopo. Dawa ni kuzuia kimeng'enya hicho, kwa fomepizoli au kwa pombe safi chini ya uangalizi wa daktari, pamoja na asidi ya foliniki, na wakati mwingine kusafishwa damu. Asipewe konyagi kijiweni.

Umeuliza pia kama watu huchagua mnyama anayewafaa. Wapo wanaofanya hivyo, na historia imewaumbua. Beta-naftilamini ya viwanda vya rangi za nguo iliwapa wafanyakazi saratani ya kibofu. Mwaka 1938 mtafiti Hueper na wenzake waliipata kwa mbwa, huku panya wakiwa wagumu kuonyesha. Mbwa hana vimeng'enya vya asetili ambavyo huizima kemikali hiyo kwenye ini. Binadamu anavyo, lakini kwa wengi vinafanya kazi polepole. Ini linabadilisha, kibofu kinaumia. Kinyume chake ni DEHP, kilainishi cha plastiki: kwa panya inaamsha kipokezi PPAR-alfa kwenye ini na kuleta uvimbe, na ini la binadamu lina kipokezi hicho kidogo zaidi. IARC waliishusha hadi kundi la 3 (haiwezi kuainishwa) mwaka 2000 kwa hoja hiyo, halafu mwaka 2011 wakairudisha 2B (inawezekana ikasababisha saratani), kwa sababu ilionekana njia hiyo si pekee. Kloridi ya vinaili nayo ilileta saratani ya mishipa ya ini kwa panya na kwa watu vilevile. Kesi za watu zilitangazwa mwaka 1974 kutoka kiwanda cha Louisville, Marekani, wakati majaribio ya mtafiti Maltoni huko Italia yalikuwa yameshaionyesha kwa panya.

KaratasiYaUsalama (Kigoma)

Ahsanteni sana wakuu. Sasa naomba mnisaidie kipengele cha kupima. Kama sina utafiti wa binadamu kwa kemikali fulani, natoka vipi kwenye namba ya panya hadi namba ya fundi? Nimeona watu wanagawa kwa 100 bila maelezo.

MkemiaUjiji

Mia hiyo ni 10 mara 10. Kumi ya kwanza ni kutoka mnyama hadi mtu, ya pili ni kutoka mtu wa kawaida hadi mtu dhaifu. Mpango wa kimataifa wa usalama wa kemikali chini ya Shirika la Afya Duniani uliigawa zaidi: kumi ya mnyama ni 4.0 kwa jinsi mwili unavyoishughulikia kemikali na 2.5 kwa jinsi kiungo kinavyoumia. Kumi ya watu ni 3.16 mara 3.16. Faida yake ni kwamba ukiwa na takwimu za ini unabadilisha ile 4.0 peke yake na kuacha zingine. Ukiwa huna, unaacha 4.0. Usiipunguze kwa hisia.

Takwimu za ini zinapatikana kwa seli za ini zilizogandishwa. Zinayeyushwa kwenye bafu la nyuzi 37, uhai wake unapimwa kwa rangi ya tripani, kisha zinawekwa na kemikali kwa kiwango kidogo, na sampuli zinachukuliwa kwa dakika 0, 15, 30, 60 na 120. Mteremko wa logi ya kiwango ndio kasi. Ukiwa na kasi kwa seli milioni moja, unazidisha kwa seli zilizomo kwenye gramu ya ini (karibu milioni 120 kwa mtu, 135 kwa panya mdogo), halafu kwa gramu za ini kwa kilo ya mwili (karibu 26 kwa mtu, 88 kwa panya mdogo).

Mfano wa kuhesabia tu: seli za mtu zinasafisha mikrolita 5 kwa dakika kwa seli milioni, za panya mdogo 40. Kwa mtu inakuwa mililita 15.6 kwa dakika kwa kilo. Kwa panya mdogo ni kama 475. Tofauti ya seli ilikuwa mara 8, sasa ni mara 30, kwa sababu panya ana ini kubwa kwa uzito wake. Lakini ini haliwezi kusafisha zaidi ya damu inayoletewa: karibu mililita 21 kwa dakika kwa kilo kwa mtu, 90 kwa panya mdogo. Zidisha damu kwa usafishaji, gawa kwa jumla yake. Mtu anapata karibu 9, panya karibu 76. Tofauti imerudi mara 8 na kidogo.

Wanaokosea hapo wanakosea kwa aina mbili. Kuna wanaopima kupotea kwa kemikali mama na kusahau kuuliza zao lenye sumu ni lipi. Kwa methanoli kusafishwa haraka si usalama, ni kuzalisha sumu. Na kuna wanaotumia seli za mtu mmoja. Kwa GSTT1 au kwa vimeng'enya vya asetili, seli za mtu mmoja zinaweza kusoma sifuri. Tumia mchanganyiko wa watu wengi, halafu ripoti pia waliozidi na waliopungua. Kingine kinachoharibu kazi ni dikloromethani kuruka kutoka kwenye chombo wazi. Kwa kemikali zinazokauka haraka vichupa lazima vifungwe, na kuwe na kichupa kisicho na seli cha kulinganishia, la sivyo unapima uvukaji na kuuita kazi ya ini.

BwanaTumbaku (Urambo)

Naomba niulize pembeni, maana huku kwetu ni viuatilifu. Malathioni nayo wanasema ini la mtu linaivunja haraka kuliko la mdudu, ndiyo maana ni salama. Ni kweli?

Mnyamwezi_Tox (Tabora)

Ni kweli nusu, ndugu. Ini hugeuza malathioni kuwa malaoksoni yenye sumu, lakini mamalia wana kaboksilesterasi inayoivunja kabla haijafika mbali. Mdudu hana ya kutosha. Panya ana kimeng'enya hicho tele hata kwenye plazma ya damu, ila plazma ya binadamu haina, kwa hiyo tunalitegemea ini zaidi.

Hatari iko kwenye stoo. Unga wa malathioni ukikaa kwenye joto hutengeneza isomalathioni, na hiyo inakizima kaboksilesterasi chenyewe. Pakistani mwaka 1976, kwenye upuliziaji wa kuzuia malaria, wapuliziaji wapatao 2,800 kati ya 7,500 waliugua na 5 walikufa, kwa bidhaa iliyokuwa na isomalathioni nyingi. Karatasi ya sumu ya malathioni safi isingekuonya. Kwa stoo za bati za Urambo na Kaliua: godoro la mbao chini, mbali na ukuta unaopigwa na jua, tarehe ya kutengenezwa iandikwe mbele ya mzigo, na mzigo wa misimu iliyopita usiuzwe kwa bei ya kumaliza. Tenga mzigo wenye harufu kali isiyo ya kawaida na umwite afisa wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.

HesabuKwanza (Kigoma)

Nirudi kwa mwenye uzi. Vipimo vya ini vya ALT na AST (vimeng'enya vinavyopimwa kwenye damu) vya kila miezi sita havitakuambia kitu kuhusu dikloromethani. Vinapanda seli za ini zikifa. Hapa monoksidi inashika damu, usingizi unashika ubongo, na saratani hukua bila kuvipandisha mapema. Halafu kwa mafundi wengi vitapandishwa na homa ya ini B, pombe au dawa za kifua kikuu, na mtu ataambiwa ni rimuva wakati sivyo, au kinyume chake. Kama kuna maabara yenye mashine ya kupima kaboksihemoglobini kwa damu, pima mwisho wa zamu, na uandike nani anavuta sigara.

Fundi anayekunywa kila siku muandike pia. Pombe ya muda mrefu huongeza CYP2E1 kwenye ini, kwa hiyo siku akiwa hajanywa anatengeneza monoksidi haraka zaidi.

KaratasiYaUsalama (Kigoma)

Nimeelewa. Mbadala upi kwa chuma, na glavu zipi kama itabidi wamalizie kopo lililopo nje ya boti, mahali pa wazi?

HesabuKwanza (Kigoma)

Glavu za tabaka nyingi za plastiki, zile nyembamba zinazochakarisha kama mfuko, ukivaa juu yake naitraili ili mkono ushike. Zile za PVA (plastiki ya pombe ya polivinaili) zinazuia dikloromethani vizuri lakini huharibiwa na maji na pombe nyepesi, na kopo lako lina methanoli, basi ziache.

Mbadala ni rimuva ya pombe ya benzili: pakaza nene, funika na nailoni, acha saa kadhaa hata usiku kucha, kisha kwangua. Ni polepole na bado inataka hewa na glavu, lakini haikauki haraka kama dikloromethani. Ukienda kwa kukwangua au msasa, kwanza pima risasi kwenye rangi ya zamani. Boti za chuma za miaka mingi mara nyingi zina praima nyekundu ya risasi. Msasa uwe wa maji, vumbi lisirudi nyumbani kwenye nguo, na bunduki ya joto isitumike kabisa kwenye rangi hiyo.